Metali na Simetali: Mafunzo Kutoka Katika Betri ya Tochi

Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili ataweza kukuchorea, bila kufungua daftari lake, jedwali lenye safu mbili. Katika safu ya kushoto ataandika kwamba metali hung'aa, ni ngumu, ni nzito, hufulika kwa nyundo, huvutika kuwa waya, hulia zigongwapo, huyeyuka kwa joto kali, tena hupitisha joto na umeme. Katika safu ya kulia ataandika simetali, na chini yake ataweka kinyume cha kila neno aliloandika kushoto. Jedwali hilo si la uongo. Mimi mwenyewe nililikariri, na lilinivusha mtihani.

Hata hivyo, miaka kadhaa iliyopita niliwaonyesha wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza fuwele za ayodini, ambazo humetameta kwa rangi nyeusi yenye ukijivu, nikawauliza kama ni metali au simetali. Wengi walijibu kuwa ni metali, kwa sababu zinang'aa. Kisha nikawaonyesha kipande cha sodiamu kilichohifadhiwa ndani ya mafuta ya taa, kimefunikwa na ukoko mweupe, tena ni laini kiasi cha kukatika kwa kisu cha mezani. Wakajibu kuwa hiyo ni simetali. Nilichokiona siku ile ni kwamba waliokuwa wamekariri jedwali vizuri zaidi ndio waliokosea kwa uhakika zaidi.

Katika makala haya nakusudia kuzipitia upya tabia za kimaumbile za metali na simetali, yaani zile tabia tuwezazo kuzipima bila kuigeuza elementi kuwa kitu kingine. Vifaa vingi nitakavyovitaja hupatikana katika duka lolote la kijijini, kwa hiyo shule isiyo na maabara haina sababu ya kurukwa na somo hili.

Kwanza, maneno yenyewe

Sehemu ya matatizo yetu hutokana na majina. Lugha yetu iliyajua metali karne nyingi kabla ya kuanza kufundisha kemia, na majina yaliyotosha sokoni hayatoshi katika maabara. Neno shaba, kwa mfano, hutumika kwa shaba nyekundu, ambayo ni elementi, na pia kwa shaba ya manjano, ambayo ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Bati ni elementi, lakini mabati ya kuezekea nyumba ni chuma cha pua kilichopakwa zinki, wala hayana bati ndani yake. Kiberiti ni jina la kale la salfa, na ni jina la kisanduku tunachowashia moto. Risasi ni metali, na ni kitu kitokacho katika bunduki. Wengine huwaambia watoto kwamba ndani ya penseli mna risasi, ilhali mna unga wa grafiti uliochanganywa na udongo wa mfinyanzi.

Kosa lililo kubwa zaidi ni la neno simetali lenyewe. Wanafunzi wengi huandika kwamba mti, plastiki, kioo na mpira ni simetali. Sivyo. Metali na simetali ni mafungu ya elementi. Mti si elementi. Ni kusanyiko la kampaundi nyingi za kaboni, haidrojeni na oksijeni. Simetali ni kaboni, salfa, fosforasi, ayodini, klorini, oksijeni, naitrojeni na wenzao wachache. Idadi yao ni ndogo sana ikilinganishwa na metali, na baadhi yao ni gesi zisizoonekana kwa macho. Kusema kwamba kijiti cha mbao ni simetali kwa sababu hakipitishi umeme ni sawa na kusema kwamba baiskeli ni samaki kwa sababu si ndege.

Betri ya tochi

Hebu sasa tuchukue betri kubwa ya tochi iliyokwisha nguvu, ya aina ya zamani na ya bei nafuu ambayo ina kijiti cheusi katikati. Mwalimu ahakikishe kwamba si ya alkali, wala si ya kuchajiwa. Betri za alkali hazina kijiti hicho, na ndani yake mna maji makali yanayochoma ngozi na macho. Mwalimu aifungue betri mwenyewe kwa koleo, mikono ikiwa imefunikwa, kisha unga mweusi auweke kando ndani ya mfuko na vipande viwili anavyovihitaji avioshe kwa maji mengi. Vipande hivyo ni kopo, ambalo ni la zinki, na kijiti cha katikati, ambacho ni cha kaboni. Metali moja na simetali moja zimeishi pamoja ndani ya ganda moja tangu zilipotoka kiwandani.

Gonga kipande cha zinki kwa nyundo. Kitabonyea, kitatandazika, wala hakitapasuka mara moja. Gonga kijiti cha kaboni. Kitavunjika vipande vipande na kuacha unga. Hapa jedwali letu limesema kweli, na inafaa tuulize sababu. Katika metali, kila atomi imeziachilia elektroni zake za nje, na elektroni hizo huzunguka kote katika kipande kizima bila kumilikiwa na atomi yoyote. Elektroni hizi za shirika ndizo zinazozishikilia atomi zote pamoja. Nyundo inapolisukuma tabaka moja la atomi lipite juu ya jingine, jirani wa kila atomi hubadilika, lakini gundi inayozishika ni ile ile, kwa hiyo kipande hubadili umbo bila kuachana. Katika simetali iliyo yabisi, atomi hushikamana kwa vifungo vyenye mwelekeo maalumu kati ya atomi na jirani yake mahususi. Ukiisogeza atomi mahali pengine, kifungo kimekatika, na hakuna kingine kinachongojea.

Katika jambo hili dhahabu ndiyo bingwa. Mafundi huipiga hadi iwe karatasi yenye unene wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Kwa kuwa gramu moja ya dhahabu ina ujazo wa takribani sentimita 0.052 za ujazo, mwanafunzi anaweza kujihesabia mwenyewe kwamba gramu hiyo moja hutosha kufunika karibu nusu ya mita ya mraba. Mwachie hesabu hiyo aifanye ubaoni.

Sasa unganisha tochi nyingine yenye betri mpya mbili, nyaya na bulbu, ukiacha pengo katika mzunguko. Ziba pengo kwa kipande cha zinki: bulbu itawaka. Ziba kwa kijiti cha kaboni: bulbu itawaka pia! Hapa ndipo darasa linapozinduka, na hapa mwalimu asiwe na haraka ya kusema kwamba kaboni ni "kighairi". Mwanafunzi akiambiwa "kighairi" hufunga daftari. Afadhali aulizwe: kama si kwa sababu kijiti kinapitisha umeme, kwa nini mtengenezaji wa betri angekiweka pale?

Ziba pengo kwa salfa, kama shule inayo, na bulbu haitawaka kamwe. Tofauti kati ya shaba na salfa katika ukinzani wa umeme si ya mara kumi wala mara milioni. Ni tarakimu 1 yenye sufuri zaidi ya ishirini nyuma yake. Sijui tabia nyingine ya kimaumbile iliyo rahisi kupimwa na yenye upana kama huo.

Yako mambo mawili ambayo wanafunzi watayauliza bila shaka. La kwanza ni penseli. Kaboni ya penseli hupitisha umeme, lakini kwa kuwa imechanganywa na udongo bulbu huwaka kwa unyonge, na kipande kifupi huiwasha zaidi kuliko kirefu. La pili ni mkaa wa jikoni. Mkaa uliochomwa kwa joto dogo karibu haupitishi umeme, lakini uliochomwa kwa joto kali hupitisha, kwa sababu joto hilo limezipanga atomi za kaboni katika tabaka ndogo zinazofanana na grafiti. Majibu haya mawili yana umuhimu nje ya darasa. Kijana aliyefundishwa kwamba "simetali hazipitishi umeme" anaweza kuchomeka penseli katika soketi ya ukutani akidhani yuko salama. Hayuko salama hata kidogo.

Uzito: jinsi tabia moja ilivyoondolewa katika orodha

Metali zilizozoeleka tangu kale, yaani dhahabu, zebaki, risasi, fedha, shaba, chuma, bati na zinki, zote zina densiti zaidi ya gramu 7 kwa sentimita ya ujazo. Kwa hiyo watu waliamini kwa karne nyingi kwamba uzito ni sehemu ya asili ya metali. Mnamo mwaka 1807, huko London, Humphry Davy alipitisha umeme katika potashi iliyoyeyuka akapata vitone vyenye kung'aa kama zebaki. Kitu hicho kilipitisha umeme na joto, kilifulika, lakini kilielea juu ya maji huku kikiwaka moto. Ndiyo potasiamu, ambayo densiti yake ni 0.86 tu. Siku chache baadaye akapata sodiamu, yenye densiti ya 0.97. Wataalamu walijadiliana kama vitu vyepesi namna hiyo vinastahili kuitwa metali. Mwishowe walikubaliana kwamba kilicho na tabia nyingine zote za metali hakiwezi kunyimwa jina kwa sababu ya wepesi, na tangu hapo uzito umebaki kuwa desturi ya metali nyingi, si sharti.

Jedwali lifuatalo linaonyesha jinsi namba zinavyokataa kukaa katika safu mbili. Safu ya mwisho ni ya kiasi cha joto kinachopita, kwa wati kwa mita kwa kila nyuzi moja.

Jedwali 1
Elementi — densiti (gramu kwa sentimita ya ujazo) — kiwango cha kuyeyuka (nyuzi za sentigredi) — upitishaji wa joto
Chuma — 7.9 — 1,538 — 80
Shaba — 9.0 — 1,085 — 400
Alumini — 2.7 — 660 — 237
Risasi — 11.3 — 327 — 35
Sodiamu — 0.97 — 98 — 140
Zebaki — 13.5 — chini ya sufuri kwa nyuzi 39 — 8
Salfa — 2.1 — 115 — 0.2
Ayodini — 4.9 — 114 — 0.4
Kaboni (almasi) — 3.5 — haiyeyuki katika kanieneo ya kawaida — 2,000

Msomaji ataona kwamba ayodini ni nzito kuliko alumini, na kwamba salfa na ayodini huyeyuka kwa joto lililo juu kuliko la sodiamu. Kuhusu kuyeyuka, sitasema mengi. Inatosha kutambua kwamba simetali zina njia mbili za kujijenga. Salfa ni molekuli za atomi nane nane. Ndani ya molekuli vifungo ni imara, lakini molekuli na molekuli hushikana kwa unyonge, kwa hiyo joto dogo huzitawanya. Almasi haina molekuli ndogo ndogo. Kipande kizima ni wavu mmoja wa vifungo imara, na ili kukivunja kipande lazima uvunje vifungo vyenyewe. Mwanafunzi aliyeelewa hivyo hahitaji kukariri kwamba salfa huyeyuka upesi na kaboni haiyeyuki.

Kijiko, mwiko na ubaridi wa uongo

Asubuhi mapema, shika kijiko cha chuma kwa mkono mmoja na mwiko wa mti kwa mkono mwingine. Utasema kijiko ni baridi zaidi. Weka kipimajoto juu ya vyote viwili: vimelala usiku kucha katika jiko moja na vina joto lile lile. Ngozi yetu haipimi joto la kitu. Hupima upesi wa joto kuingia au kutoka katika mwili wetu. Chuma hulichukua joto la kidole na kulisambaza mbali; mti hulipokea na kulibakiza pale pale, mpaka mahali ulipogusa papate joto kama kidole. Viweke vyote viwili juani saa saba mchana hadi viwe moto kuliko mwili, kisha viguse tena. Kijiko sasa kitaonekana kuwa cha moto zaidi, kwa sababu ile ile.

Elektroni zilizo huru ndizo zinazobeba joto katika metali, na ndizo zinazobeba umeme. Ndiyo maana metali zinazopitisha umeme vizuri, yaani fedha, shaba, dhahabu na alumini, ndizo pia zinazopitisha joto vizuri. Gustav Wiedemann na Rudolph Franz, wanasayansi wa Kijerumani, waliuona uhusiano huo mwaka 1853, kabla elektroni haijagunduliwa. Paul Drude alitoa maelezo ya kwanza ya elektroni hizo ndani ya metali mwaka 1900, miaka mitatu tu baada ya J. J. Thomson kuithibitisha elektroni yenyewe. Mng'aro nao una chanzo hicho hicho: mwanga unapoangukia elektroni huru, huzitikisa, nazo huurudisha.

Mtu anaweza kuuliza: kama shaba hupitisha umeme vizuri zaidi, mbona nyaya nyingi zinazopita juu ya nguzo ndefu ni za alumini? Jibu limo katika kuziunganisha tabia mbili. Ili kupitisha mkondo ule ule kwa hasara ile ile, waya wa alumini lazima uwe na unene wa mara 1.6 wa ule wa shaba, tukipima eneo la mkato wake. Lakini kwa kuwa densiti ya alumini haifiki hata theluthi moja ya ile ya shaba, waya huo mnene bado una uzito usiofika nusu ya uzito wa waya wa shaba. Nguzo hubeba mzigo mdogo zaidi. Kwa kuwa alumini ni dhaifu ikivutwa, katikati ya waya hutiwa nyuzi za chuma cha pua. Mhandisi hachagui metali kwa tabia moja.

Mwanya mwingine wa kuonya ni fyuzi. Waya wa fyuzi umetengenezwa ili uyeyuke mkondo unapozidi kipimo chake. Anayeutoa na kuweka kipande cha waya mnene wa shaba amepata fyuzi isiyokatika, na kwa hiyo waya utakaopata moto ni ule uliofichwa ukutani au darini.

Kinywe na almasi

Nchi yetu ina simetali moja katika maumbo mawili, na yote mawili yanachimbwa ardhini. Grafiti, ambayo katika shughuli za madini huitwa kinywe, ipo kwa wingi Mahenge, mkoani Morogoro, katika mkoa wa Lindi, na Merelani pamoja na tanzanaiti. Almasi hutoka Mwadui, Shinyanga, ambako mwanajiolojia John Williamson aliligundua shina lake la mwamba mwaka 1940. Zote mbili ni kaboni tupu. Smithson Tennant alilithibitisha jambo hilo kuhusu almasi mwaka 1797 kwa kuichoma na kupima gesi iliyotoka.

Katika kinywe kila atomi imefungwa na jirani watatu katika tabaka bapa, na elektroni ya nne ya kila atomi hutembea huru katika tabaka lake. Kwa hiyo umeme hupita. Tabaka na tabaka hazishikamani sana, ndiyo sababu huteleza na kuacha alama juu ya karatasi. Katika almasi kila atomi imefungwa na jirani wanne pande zote, hakuna elektroni iliyobaki huru, na umeme haupiti. Lakini tazama tena Jedwali 1: almasi hupitisha joto mara tano ya shaba! Pasipo elektroni huru, joto husafiri kwa mitikisiko ya atomi zenyewe, na katika wavu uliokazwa namna ile mtikisiko huenda mbali bila kupotea. Mfanyabiashara anayepulizia jiwe pumzi yake na kutazama ukungu ukitoweka upesi anautumia ukweli huo, hata kama hajawahi kusikia jina la upitishaji. Wenye vifaa hutumia sindano yenye joto iliyounganishwa na kipimo.

Yupo pia anayepima almasi kwa nyundo, akiamini kwamba ya kweli haivunjiki. Huyo huvunja mali yake kwa mkono wake. Ugumu wa almasi maana yake ni kwamba hakuna madini mengine yanayoweza kuikwaruza. Haina maana kwamba inastahimili kugongwa. Metali laini kama risasi hubonyea chini ya nyundo na kubaki nzima, ilhali almasi, kama simetali nyingine zilizo yabisi, hupasuka. Neno "ngumu" katika jedwali la shuleni limeyafunika mambo mawili tofauti, na mwalimu anapaswa kuyatenganisha.

Huhitaji kwenda maabara ya kisasa kuona metali na simetali zikifanya kazi pamoja. Katika eneo la Buhaya, mkoani Kagera, wachimbuzi wa mambo ya kale wamefukua mabaki ya tanuri za chuma zenye umri wa takribani miaka 2,000. Mkaa katika tanuri hizo uliinyang'anya miamba oksijeni yake, na sehemu yake ndogo iliingia ndani ya chuma. Chuma chenye kaboni isiyozidi asilimia 2 huwa chuma cha pua, kigumu na kinachoshika makali. Kaboni ikifika asilimia 3 au 4, chuma hicho huvunjika kikigongwa, kana kwamba kimerithi tabia ya simetali iliyomo ndani yake.

Metali iliyo kimiminika

Nimeiacha zebaki hadi sasa kwa sababu inahitaji nafasi. Ni metali pekee iliyo kimiminika katika joto la kawaida la maabara, ingawa galiamu, inayoyeyuka katika nyuzi 29.8, huyeyuka kiganjani, na mchana wa joto wa Dar es Salaam ingeweza kuyeyuka mezani. Zebaki hung'aa kama kioo, hupitisha umeme, na ni nzito kiasi kwamba msumari wa chuma huelea juu yake kama kijiti juu ya maji. Dhahabu huzama.

Tulipokuwa wanafunzi tuliimwaga zebaki juu ya meza ya maabara na kuiviringisha viganjani kwa furaha, na hakuna aliyetukataza. Hatukujua kwamba metali hii huchemka katika nyuzi 357 tu, na kwamba hata bila kuchemshwa hutoa mvuke. Katika nyuzi 20, hewa iliyoshiba mvuke wa zebaki huwa na takribani miligramu 14 katika kila mita ya ujazo. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Ukivutwa huingia katika damu na kufika kwenye ubongo na figo. Mtetemeko wa mikono ni mojawapo ya dalili zake.

Wachimbaji wadogo wa dhahabu huitumia kwa sababu huyeyusha dhahabu ndani yake na kuiacha michanga. Donge linalopatikana huchomwa: zebaki huruka, dhahabu hubaki. Tabia inayoiwezesha kazi hiyo ni tofauti ya viwango. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, ilhali dhahabu haianzi hata kuyeyuka kabla ya nyuzi 1,064. Lakini zebaki iliyoruka haikutoweka. Imeingia katika mapafu ya anayechoma na ya mtoto aliye karibu naye, na inayobaki hurudi chini kama vitone juu ya paa, visima na mito. Huko vijidudu huigeuza kuwa kampaundi inayojikusanya katika samaki. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza matumizi yake, uitwao Mkataba wa Minamata, ulipitishwa nchini Japani mwaka 2013.

Tabia ile ile inayoleta madhara yaweza kuyapunguza. Donge likichomwa ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba refu linalopozwa kwa maji, mvuke hupoa na kuwa zebaki tena, mchimbaji akaikusanya na kuitumia mara ya pili. Mwanafunzi wa Geita au Chunya anayejifunza viwango vya kuchemka kwa mfano huu atakuwa na la kusema nyumbani.

Kwa shule zilizo na vipimajoto vya zebaki: kikivunjika, watoe wanafunzi nje, fungua madirisha, usifagie kwa ufagio kwani utaigawa katika vitone vingi zaidi, bali kusanya kwa kipande cha karatasi ngumu na uweke katika chupa yenye maji kidogo na kifuniko cha kukaza.

Kipimo kinachotegemewa zaidi

Wataalamu wa fizikia, wanapotaka kuitambua metali, huulizia jambo ambalo halimo katika jedwali la shuleni: umeme hupitaje kitu kinapopashwa moto? Katika metali, joto huzitikisa atomi na kuzisumbua elektroni katika safari yao, kwa hiyo ukinzani huongezeka. Waya wa tangsteni ndani ya bulbu ya zamani, unapowaka, una ukinzani wa zaidi ya mara kumi kuliko unapokuwa baridi. Katika silikoni, elementi iliyo mpakani, mambo ni kinyume: joto huzifungua elektroni zilizokuwa zimefungwa, na ukinzani hupungua. Kompyuta na paneli za umeme wa jua zimejengwa juu ya silikoni, ambayo hung'aa kama metali na kuvunjika kama kioo.

Jambo hili laweza kufanywa darasani. Sokota waya mwembamba wa chuma wenye urefu wa mita moja kuwa msokoto, uuweke katika pengo la mzunguko wetu wa tochi, na uhakikishe bulbu inawaka. Kisha upashe msokoto huo kwa moto wa jiko la mafuta ya taa hadi uive wekundu. Wanafunzi watabiri kwanza katika daftari zao kama mwanga wa bulbu utaongezeka, utapungua au utabaki vile vile, na kila mmoja aandike sababu yake kwa kutaja elektroni, kabla ya mwalimu kuwasha kiberiti.